Watano Bora wa Indiana

Dunmore, Indiana
8 Januari 2012

Wendell kaka,

Theluji imefika magotini, uwanja wa mbio wa Salt Fork umelala, na mimi sina la kufanya ila kukuchokoza. Ningekupigia simu, lakini masikio yako injini zilishayala, kwa hiyo soma.

Majira ya kubishana yameingia. Hawa hapa madereva wangu watano bora wa mbio waliozaliwa Indiana, na usianze kulia kabla hujamaliza: Burl Kessinger. Rex Ottinger. Amos Yoder. Clete Vandiver. Wa tano, Wendell Hoagland.

Najua utasema Ottinger alizaliwa Ohio. Kila mwaka unaniambia Ottinger alizaliwa Ohio. Mama yake alishikwa na uchungu, hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, akavuka, akajifungua, akarudi na mtoto wake kabla kitanda hakijatandikwa. Huyo ni mtu wa Indiana aliyepita Ohio kidogo. Na Yoder simtoi. Mtu ametoka kwa watu wasiopanda gari, wanaoendesha farasi mpaka leo, akaruka uzio wa baba yake, na baada ya miaka miwili anawapita wote kwa nje kwenye kona ya tatu. Huyo hukumfikia hata wewe.

Sasa habari yenyewe. Unajua ukuta wa picha pale ukumbi wa maonyesho ya wilaya. Kila mwaka kamati yetu inatundika mtu mmoja. Mwaka huu tumepiga kura na jina lako limepita, hakuna mkono uliopinga. Picha itatundikwa wikendi ya kupamba makaburi, mwisho wa Mei, na wewe kwa vyovyote huwa uko hapa siku hizo kwa Mama Denny. Wanataka neno lako tu, kabla Machi haijaisha. Ukikataa, nafasi inakwenda kwa Vandiver, na wewe hutaki kuona Vandiver anakuchekea kutoka ukutani maisha yako yote.

Msalimie shemeji Arlis.

Loren

*

Arden, Nebraska
19 Januari 2012

Loren, we mchokozi,

Barua imefika. Arlis kaisoma kabla yangu, nikamkuta anacheka peke yake jikoni. Anasema Yoder ndiye wa kwanza kwa sababu alikuwa na sura nzuri. Basi hiyo ndiyo akili ninayoishi nayo.

Ottinger alizaliwa Ohio. Mama yake hakuvuka mpaka kununua chumvi, alivuka kuzaa, akazaa. Mtu anatoka alikotoka.

Orodha yangu ni ileile ya mwaka jana na juzi. Wa kwanza Denny Prather. Kisha Kessinger, Yoder, Vandiver. Wa tano tafuta wewe, mimi simo.

Juu ya ukuta, futa jina langu. Waambie kamati nimeshukuru, tena kwa moyo, lakini lifute. Wewe ndiye uliyekuwa na vijiti ile Jumamosi ya Agosti, huna haja ya kuelezwa. Dereva wa mbio za uwanja wa udongo amefungwa mikanda, hana kioo cha kuangalia nyuma, hasikii kitu. Macho yake ni ya mtu mmoja tu, yule aliyesimama katikati ya uwanja na vijiti viwili. Vikiwa mbali kimoja na kingine, nyuma kweupe, tulia. Vikigusana, kuna mtu mgongoni. Kimoja kikiinuliwa, anakuja kwa juu, yaani kwa nje. Mtoto wa shule anavisoma.

Wewe uliviweka mbali. Uliniambia mwenyewe. Mimi nikaona vimegusana na kimoja kiko juu. Nikapanda ukingo wa juu kumzibia njia mtu ambaye hakuwepo, na pale juu nikamkuta Denny, amebaki nyuma mzunguko mzima, anajiendea zake, hamsumbui mtu.

Dereva ambaye hawezi kusoma vijiti hatundikwi ukutani, Loren. Hapewi hata lori la mahindi. Ndiyo maana mpaka leo nafagia hapa ghalani, Arlis ananiendesha kama gunia, na kwa Mama Denny nakwenda na basi. Macho yakishakudanganya mara moja, utayaamini tena lini?

Mwezi wa tano nitakuja kama kawaida. Mfereji wa paa lake unavuja tena, ameniandikia.

Wendell

*

Dunmore
2 Februari 2012

Wendell,

Mambo ya zamani hayo. Kulikuwa na matope, kulikuwa na taa mbovu upande ule, kioo cha helmeti yako kilikuwa kimechafuka. Mtu yeyote angeona vibaya. Hakuna hapa Dunmore anayekulaumu, na wazee wa kamati wananiuliza kila Jumanne, "Rafiki yako amesemaje?" Nawaambia anafikiria.

Na tuseme ukweli kuhusu Denny. Mvulana alishinda mara tatu tu, na moja kati ya hizo mvua ilikatisha mbio. Nampenda Denny, lakini huwezi kumweka juu ya Kessinger. Hiyo si orodha, hiyo ni ibada ya mazishi. Mtoe hapo, jiweke wewe, tumalize.

Kubali, kaka. Sema ndiyo tu, mengine niachie mimi.

Loren

*

Arden
14 Februari 2012

Loren,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa ili nisikuandikie nikiwa na hasira, na bado ninayo.

Usimwongelee Denny hivyo. Unajua kwa nini alikuwa kule juu? Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, "Ukipitwa na wakubwa, chagua njia yako ubaki nayo, usiyumbe, watakuzunguka wenyewe." Akachagua ya juu akabaki nayo. Aliniona nakuja ubavuni na hakuyumba. Mtu wa umri ule, gari linamjia, na anashika alichofundishwa kwa sababu anamwamini aliyemfundisha. Nitajie mwingine wa Indiana aliyefanya hivyo. Ndiyo maana ni wa kwanza, na atakuwa wa kwanza mpaka nife.

Halafu kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa sababu baada ya siku ile halikuwa na maana tena. Wale watu wa timu kubwa ya kusini walikuwa jukwaani, nafikiri ulisikia. Walinitaka. Niliwaambia siendi bila Loren, ni wawili au hakuna. Walivuta pumzi kidogo, saa kumi jioni wakakubali. Nilitaka kukuambia baada ya mbio, tukiwa tumekaa nyuma ya lori na kahawa, nikuone uso. Basi hatukukaa.

Sikuambii ili uhuzunike. Nakuambia ujue tu kwamba sikuwahi kukuona kama mbeba spana wangu. Kwa hiyo ukiniomba kitu, nikikataa, elewa kwamba ningeweza ningekubali.

Futa jina.

Wendell

*

Dunmore
25 Machi 2012

Wendell,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaitupa jikoni kwenye moto. Leo nimeamua sitasimama mpaka imalizike, hata ikitoka vibaya.

Macho yako yalikuwa mazima. Uliona sawasawa. Vijiti vilikuwa vimegusana, na cha kulia nilikiinua juu.

Nimekiandika. Soma tena kama hukuamini, mimi mwenyewe nimekisoma tena.

Nyuma yako hakukuwa na mtu. Vandiver alikuwa nusu ya uwanja huko. Ulikuwa umeshashinda. Mizunguko michache ilibaki, na mimi nilivileta vijiti pamoja nikijua.

Nitakuambia kwa nini, si kwa kujitetea. Jioni ile nilikwenda kwa Veda, yule aliyekuwa anauza mikate ya nguruwe wa kukaanga, akaniambia huku anageuza nyama, "Naona bwana wako anahamia kwa wakubwa. Wewe umeshafunga mizigo, au wanakuacha na mbwa?" Watu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka. Nikakutafuta nikakukuta unavaa glavu. Nikakuuliza, "Una neno la kuniambia?" Ukasema, "Baadaye, Loren. Tutaongea tukimaliza." Na ulitabasamu. Nikaona unanicheka kama wale wa foleni. Sasa najua ulikuwa unatabasamia nini.

Nilisimama pale katikati na vijiti vyangu nikiwaza miaka yote niliyolala chini ya gari lako. Sikutaka uumie. Mungu ndiye anajua, sikumwaza Denny hata kidogo, hata sikuangalia yuko wapi, na kazi ya mwenye vijiti ni kuangalia kila mtu yuko wapi. Nilitaka uogope. Nilitaka ulisukume gari mpaka gurudumu la nyuma liishe, ushindwe mbele ya wale wa jukwaani, urudi nyumbani na mimi. Basi. Nilitaka ubaki.

Umebaki kweli. Tazama nilivyokubakiza.

Kuna lingine, na hili ndilo linalonikaba zaidi. Hospitali, ulikaa kwenye benchi na matope usoni, ukaniuliza, "Loren, vijiti vilikuwaje?" Nikakuambia, "Vilikuwa mbali, kaka." Ukasema, "Basi ni macho yangu." Kile cha uwanjani kilikuwa cha sekunde moja. Hiki nilikuwa na usiku mzima wa kukirudisha, na kesho yake, na mazishini nikiwa nimeshika jeneza upande mmoja na wewe upande wa pili. Nilikuona unauza helmeti yako. Nilikuona unampa Arlis funguo za gari. Nikawa nakuandikia kila Januari nakutania kuhusu Ottinger.

Nilitaka uwe ukutani ili mimi nipate usingizi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ukuta. Nilifikiri ukitundikwa itakuwa kama nimelipa bila kusema kitu. Halafu barua yako ikaja, wawili au hakuna.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue kwamba wewe unajua kusoma vijiti.

Loren

*

Dunmore
22 Aprili 2012

Wendell,

Hujajibu, na sikulaumu. Sijaandika kukuharakisha.

Nimewaambia kamati. Nilisimama Jumanne nikasema yote kama nilivyokuandikia. Mzee Floyd, ambaye nimekaa naye kiti kwa kiti tangu tukiwa vijana, alichukua kofia yake akahamia kiti cha mwisho. Nimejitoa. Jina lako wamesema linabaki mpaka wewe mwenyewe useme.

Mama Denny sijamwambia. Nimepita mbele ya nyumba yake mara mbili, nikaendelea.

Loren

*

Arden
12 Mei 2012

Loren,

Arlis amesema nikuandikie au niache kuzunguka jikoni usiku.

Macho yangu yalikuwa mazima. Nimelikalia neno hilo tangu Machi, nikilala nalo, nikiamka nalo. Binti yangu alizaliwa na sikumwendesha kutoka hospitali. Siku ya harusi yake aliniomba nimpeleke kanisani kwa gari la babu yake, njia ya maili moja, nikakataa, akalia na gauni lake jeupe. Leo nimempigia kumweleza. Sikusikia alichojibu, masikio haya.

Nikitafuta tusi halitoshi, nikitafuta neno jingine halitoki. Tuliache.

Ila kitu kimoja. Kila mwaka mimi ndiye nimekwenda kumwangalia Mama Denny machoni. Mwaka huu nenda wewe. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, jikoni kwake, si mlangoni.

Mimi siji. Nilikuwa naingia pale kama mtu aliyemuulia mwanawe, na nilishajua namna ya kukaa kwenye kiti hicho. Sasa sijui nitaingia kama nani.

Ukuta fanyeni mnavyotaka.

Wendell

*

Dunmore
10 Juni 2012

Mwanangu Wendell,

Samahani kwa mwandiko, vidole vimekuwa vigumu.

Loren alikuja Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya kanisa, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kuomba maua ya peoni kwa ajili ya makaburi. Nikamwambia akae, hakukaa. Alisimama pale kati ya jiko na friji akasema yote mpaka mwisho, mimi nachambua maharage mabichi. Nikamwuliza, "Umemaliza?" Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamwambia, "Basi toka nje ufyeke nyasi, Wendell hajaja."

Akafyeka. Kisha nilikwenda chumbani kwa Denny nikafunga mlango, na ya humo ni yangu.

Anakuja kila wiki tangu siku hiyo. Amepanda mpaka kwenye mfereji wa paa, bado unavuja, hajui kazi. Kahawa simpi. Labda siku moja nitampa, labda nitakufa sijampa, usiniulize.

Alinionyesha barua yako. Unasema hujui utaingia kwangu kama nani. Utaingia kwa mlango wa nyuma kama siku zote, na viatu vichafu kama siku zote. Ulidhani nilikuwa nakufungulia kwa sababu ulimuua mwanangu? Mwaka wa kwanza, ndiyo. Nilitaka nimwangalie vizuri aliyeniulia, na nikakutengea kikombe kilichopasuka, hukuona. Mwaka wa pili nilikufungulia kwa sababu ya paa. Baada ya hapo nilikuwa nakusubiri tu. Naanza kukusubiri mwezi wa pili, theluji ikiwa bado iko. Mwaka huu nilitandika kitanda chako, nikakiacha hivyo wiki nzima, halafu nikakitandua.

Niliposikia kwamba hukuwa na kosa, moyo wangu ulipaswa ufurahi kwa ajili yako. Unajua moyo huo ulisema nini? Ulisema, "Basi hatarudi." Mungu anisamehe.

Na hizo orodha zenu, Loren ameniambia Denny unamweka wa kwanza. Mimi ni mama yake, nisikilize. Denny hakuwa wa kwanza. Alikuwa anaiogopa kona ya tatu. Aliniambia mwenyewe, akifika pale anafumba macho kidogo. Huenda hata hakukuona unakuja. Angekuwa fundi mzuri wa magari na baba mnene. Umemsimamisha pale juu muda mrefu mno, Wendell. Mruhusu akae chini.

Njoo ule. Nimeweka kitindamlo cha matunda ya pasimoni kwenye friza, cha msimu uliopita, kinakungoja.

Mama yako,
Opal Prather

*

Dunmore
6 Januari 2013

Wendell,

Sijui kama unazifungua barua zangu. Nitaandika tu, theluji imefika magotini.

Picha yako iko ukutani. Ile ya Julai, umekaa juu ya gurudumu, unacheka, na mkono wa mtu umekushika begani. Ni mkono wangu. Waliikata picha pale kwenye kiwiko, wakafanya vizuri.

Kwa Mama Denny niliendelea kwenda. Mwezi wa kumi nilifika na mashine yangu ya nyasi nyuma ya gari, kufyeka kwa mara ya mwisho kabla ya baridi. Nikakuta nyasi zimeshafyekwa. Ngazi imeegemea paa. Uani kulikuwa na pikapu yenye namba za Nebraska. Nikasema moyoni, Arlis kamleta. Nilipopita pembeni yake nikaona kiti cha dereva kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na Arlis ni mfupi, miguu yake haifiki.

Nilisimama pale na mkono kwenye mlango wa pikapu yako muda fulani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama Denny alikuwa anakugombeza kwa sauti kubwa kuhusu viatu, na wewe unauliza, "Ati nini?" na anarudia, na unauliza tena, "Ati nini?" mpaka Arlis akacheka. Kulikuwa na harufu ya kahawa.

Sikugonga. Nilirudisha mashine garini taratibu ili isipige kelele, kisha nikakumbuka kwamba kati ya watu wote ulimwenguni, wewe ndiye ambaye usingesikia.

Mfereji hauvuji tena. Nilipita siku ya mvua nikaangalia.

Orodha yangu ya mwaka huu hii hapa. Wa kwanza Wendell Hoagland, maili zote zile kutoka Nebraska, baada ya miaka yote ile, na alifika. Kisha Kessinger, Yoder, Vandiver. Wa tano nimeacha wazi, maana Ottinger nimemtoa. Alizaliwa Ohio. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilikuwa nashikilia tu ili ujibu.

Nibishie, kaka.

Loren